Kirusi Kisicho na Usugu

Kazi yangu ni kusoma virusi. Watu wakisikia hivyo hudhani nina darubini kubwa na naviona vikitembea. Sivioni. Ninachosoma ni mistari ya herufi nne zinazojirudia kwenye skrini mpaka macho yanauma, na kazi yenyewe ni kutafuta mahali ambapo herufi moja imebadilika. Kirusi cha Ukimwi kikijinakili hukosea ovyo ovyo, na kati ya makosa hayo yapo machache yanayokipa nguvu ya kuishi hata mgonjwa akimeza dawa kila siku. Hayo ndiyo tunayaita usugu. Nikiyaona, naiandikia kliniki ibadilishe dawa. Nisipoyaona, naandika kwamba kirusi hakina usugu.

Kwa mtu wa nje hiyo inasikika kama habari njema. Sisi tuliokuwa ndani tuliisoma vingine. Mgonjwa akiwa na virusi tele kwenye damu, na virusi hivyo havina usugu wowote, basi kwa hesabu zetu kulikuwa na sababu moja tu: hamezi dawa. Ripoti zetu zina adabu, kwa hiyo hatukuandika hivyo. Tuliandika kwamba mgonjwa asaidiwe kufuata matibabu. Lakini kila aliyepokea karatasi yangu alijua nimemwita mtu mwongo.

Maabara yetu iko Meru mjini, juu ya duka la dawa za mifugo, na siku za joto harufu ya dawa ya kupe hupanda ngazi hadi kwetu. Naishi Kaaga, ambako shule ni nyingi kuliko vibanda vya mboga, na binti yangu anasoma katika mojawapo. Kwetu hasa ni Kibugu, upande wa Embu, kule juu karibu na msitu. Mama yangu bado anachuma majani chai asubuhi umande ukiwa haujakauka, na huwaambia majirani kwamba mimi napima damu. Nilipomaliza shahada ya uzamifu nilijaribu kumweleza vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama naweza kumpatia kitu cha mgongo.

Sasa niseme la aibu. Siku hizi karibu wagonjwa wote wanatumia kidonge kimoja kwa siku, chenye dawa mpya ambayo kirusi hupata taabu sana kuizoea. Utafiti wangu ulikuwa ni kuwatafuta wale wachache ambao kirusi chao kimeizoea hata hiyo. Kwa hiyo nilichokuwa nakitamani ni usugu. Sampuli yenye usugu ilikuwa sherehe, niliwaita wenzangu waache chai waje waone. Sampuli isiyo na kitu niliiandikia ripoti huku akili iko kwenye inayofuata. Ilinichukua dakika tano. Siku hizi nikizikumbuka dakika hizo natamani kujizaba kofi.

Mama ninayetaka kumsimulia alinifikia kama kijichupa cha damu chenye nambari, ndani ya boksi la barafu lililotoka Embu na sampuli nyingine. Nitamwita mama wa Kanja, kwa sababu huko ndiko anakoishi, na jina lake si langu kulitoa. Karatasi yake ilisema ana miaka ishirini na saba. Alikuwa ameanza dawa miaka minne kabla, alipopimwa akiwa na mimba ya kwanza, na mtoto huyo alizaliwa salama. Virusi vyake vilikuwa vimeshuka mpaka mashine haivioni, vikakaa chini hivyo miaka yote. Sasa alikuwa na mimba ya pili, ya miezi mitano, na virusi vilikuwa vimepanda juu kabisa. Chini ya karatasi muuguzi wake alikuwa ameongeza kwa kalamu: Tafadhali harakisheni, ni mjamzito.

Sababu ya haraka ni hii. Mama ambaye virusi vyake viko chini hivyo, karibu kila mara humzaa mtoto salama. Mwenye virusi vingi anaweza kumwambukiza akiwa tumboni, au wakati wa kuzaa, au akimnyonyesha. Tulikuwa na miezi minne ya kuvishusha.

Niliharakisha kweli, hilo siwezi kujinyima. Niliitoa sampuli yake kwenye foleni nikaitanguliza, na katika wiki moja nilikuwa na mistari yake mbele yangu. Ilikuwa safi. Hakuna herufi hata moja iliyobadilika mahali pa hatari. Kirusi hicho kingekutana na kidonge kile kingekufa. Niliandika sentensi yangu, nikatia sahihi.

Kila Jumatano mchana tulikutana kwa simu kujadili wagonjwa wagumu: daktari mwenyekiti akiwa Embu, muuguzi wa kliniki inayohusika, na mimi nikiwa Meru. Nilisoma matokeo, mwenyekiti akaguna.

"Daktari, huyu mama anasema anakunywa," muuguzi alisema. "Kila siku. Amenishikia Biblia."

"Sista, wote hushika Biblia," mwenyekiti akasema.

"Huyu si mtu wa uongo. Namjua, tuko naye kanisa moja."

"Virusi havijui mtu anaenda kanisa gani," nikasema mimi.

Mwenyekiti alicheka. Nilikuwa na ulimi wa namna hiyo, na niliuona kuwa ni akili. Tukaamua kwamba mama huyo apewe shahidi, yaani mtu wa nyumbani wa kumtazama akimeza. Mumewe ni fundi wa ujenzi Embu mjini, huja Jumamosi na kurudi Jumapili, kwa hiyo hakufaa. Akabaki mama mkwe, aliyekuwa akijua hali yake tangu mwanzo. Ili kumrahisishia mzee wa watu, ambaye huenda shambani mapema, tukaagiza vidonge vyote vimezwe mara moja asubuhi mbele yake, cha virusi pamoja na vya kuongeza damu ambavyo kila mjamzito hupewa kliniki. Mama mkwe akapewa kadi ya kutia alama kila siku.

Baada ya mwezi kadi ilirudi imejaa alama, siku zote, bila kuruka hata Jumapili. Damu ikapimwa. Virusi vilikuwa palepale, kama si juu zaidi.

Jumatano hiyo nilikuwa nimechoka. Umeme ulikuwa umepotea tangu asubuhi, na nilikuwa napokea simu nikimenya ndizi kwa sababu sikuwa nimekula. Mwenyekiti aliuliza inawezekanaje. Muuguzi alisema cucu, yaani yule mama mkwe, anaapa kwamba ameona kwa macho yake. Ni mimi niliyejibu. Nilisema kuna wanaoficha kidonge kwenye shavu au chini ya ulimi, wakishageuka wanakitema. Nikasema, "Cucu amwambie apanue mdomo, ainue ulimi, aangalie vizuri." Wote wakakubali. Nikamaliza ndizi yangu.

Mtu wa kwetu anajua nilikuwa nimeagiza nini. Mama mkwe na mke wa mwanawe watapika pamoja, watalima pamoja, wataombeana kanisani, lakini kuna heshima ya mwili ambayo kila mmoja anamtunzia mwenzake. Tangu siku hiyo, kila asubuhi, mwanamke mwenye mimba kubwa alisimama kwenye mlango wa jikoni akapanua mdomo kama ng'ombe anayetazamwa meno, na mama wa mumewe akainama kuchungulia. Mtoto wake wa kwanza, wa miaka mitatu, alikuwa akisimama hapo hapo akitazama. Haya niliambiwa baadaye. Wakati ule sikuwa na habari, na sikuuliza.

Mimba ilipokuwa na miezi saba na nusu niliomba damu tena nikaisoma upya, nikitumaini, Mungu anisamehe, kwamba safari hii nitakuta usugu. Ilikuwa safi vilevile. Hapo nilikasirika. Nilimkasirikia huyo mama, maana niliona anatuchezea akili na mtoto wa watu yumo tumboni. Nikapanda gari la mradi siku ya kuzungukia kliniki, nikasema nitamwona mwenyewe.

Kliniki yao iko karibu na kiwanda cha kahawa, na siku hiyo maganda yalikuwa yananuka uchachu hadi ndani. Nilimkuta na mama mkwe wake kwenye benchi la nje, kila mmoja amekaa kwenye ncha yake, katikati pameachwa nafasi ya mtu wa tatu. Mama mkwe aliinuka kabla sijasalimia vizuri. Ni mwanamke mfupi, mikono imechubuka kwa kuchuma kahawa, sweta lake limefungwa vifungo vyote. Akanipa ile kadi.

"Daktari, soma," alisema. "Mimi sikusoma sana, lakini tiki najua kuweka. Nimeona na macho yangu. Anaweka kwa mdomo, anakunywa maji, inaenda. Kama mimi ni mwongo, sema."

Nikamwambia mama, hakuna anayekuita mwongo. Halafu nikamwita mkaza mwanawe ndani, nikafunga mlango, nikamwita mwongo.

Sitaandika yote niliyosema. Nilimwambia mtoto aliye tumboni hana wa kumtetea. Nilimwambia kirusi chake nimekisoma mara mbili, herufi kwa herufi, na hakijawahi kuiona dawa. Nilisema kwa Kiembu, ili yamwingie vizuri. Alikuwa mwembamba, uso umevimba kidogo wa mimba, ameshika mkoba mapajani. Alinisubiri nimalize.

"Nakunywa, daktari," alisema.

"Basi dawa inaenda wapi?"

"Sijui. Nyinyi ndio mmesoma."

Asubuhi hiyo walikuwa wametoka nyumbani mapema, hakuwa amemeza. Akafungua mkoba, akatoa kidonge, akakimeza kwa maji ya chupa mbele yangu. Kisha, bila kuambiwa, akapanua mdomo, akainua ulimi, akauzungusha kushoto na kulia, macho yake yakinitazama mimi. Nilijua ananionyesha nilichomfanyia. Na bado niliinama nikaangalia. Hakukuwa na kitu.

Akaomba kwenda nje. Nilihesabu kidogo, nikamfuata, nikiwa na hakika kwamba anakwenda kujitapisha. Nilimkuta nyuma ya tangi la maji, amenipa mgongo, anatafuna kitu kinacholia. Aliponisikia alishtuka, akaficha mkono ndani ya leso.

"Fungua mkono," nikamwambia.

Lilikuwa gazeti lililosokotwa, na ndani yake mna odowa, yale mawe laini ya rangi ya majivu yanayouzwa sokoni kwa ajili ya wanawake wenye mimba. Alikuwa ameyavunja vipande vidogo vidogo.

"Tafadhali usiambie sista," alisema. "Atanigombeza. Alisema yanamaliza damu. Lakini hii dawa nikimeza inanichafua roho, naona kutapika. Nikikula hii juu yake, inatulia. Si unataka nisitapike?"

Nilikuwa nimejiandaa kushika mtu anayetema dawa, na nimeshika mjamzito anayekula mawe. Nikaanza kucheka. Nikamwambia hata mimi, nilipokuwa na mimba ya binti yangu, niliyala hayo mpaka nikaona haya. Niliyaweka kwenye mfuko wa koti jeupe, nikawa natafuna nikiwa kwenye mashine, na nikisikia mtu anakuja nayameza mazima. Alinitazama kuona kama namdanganya. Halafu akanyoosha lile gazeti.

Nikachukua. Mwanamke aliyewahi kuyala hawezi kukataa, ile harufu ya udongo ulionyeshewa mvua ya kwanza. Tulisimama pale nyuma ya tangi tukitafuna, mkemia wa herufi na mwongo wake, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. Akaniuliza binti yangu ana miaka mingapi. Nikamwambia minane. Akauliza kama alizaliwa mkubwa, kwa maana watu husema mawe hukuza kichwa. Nikamwambia kichwa chake ni cha kawaida, kikubwa ni kiburi. Tukacheka tena. Nikamwahidi sitamwambia sista, na nikamwomba, kwa upole sasa, ajitahidi na dawa. Akajibu, "Sawa, daktari." Nikarudi Meru nikijisifu moyoni kwamba hatimaye nimejenga imani na mgonjwa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuona. Nilikuwa nimeambiwa wazi, kwa maneno mepesi: nikimeza dawa, nakula hii juu yake. Nafikiri ni kwa sababu mawe hayo kwangu hayakuwa kitu cha kliniki. Yalikuwa ya soko, ya mama zetu na shangazi zetu, siri ndogo ya kike inayofanyiwa utani. Kichwani mwangu kulikuwa na kabati mbili, na sikuwahi kufikiri kwamba kitu cha kabati moja kinaweza kuingia nyingine. Au labda nilikuwa nimeshaamua kwamba ni mwongo, na mtu akishaamua hivyo masikio yanaziba.

Wiki nne baadaye kiungulia kilinishika. Nilikuwa natoka kazini, saa kumi na moja hivi, nikaingia duka la dawa hapo mjini nikaomba vile vidonge vyeupe vya kutafuna. Dada wa dukani, msichana wa sketi ya shule ya uuguzi, alinipa pakiti kisha akauliza, "Kuna dawa ingine unatumia?"

"Kwa nini?"

"Hizi huwa zinashika dawa zingine kwa tumbo. Unafaa uache masaa kadhaa katikati."

Nikamwambia situmii. Nikatoka nje, nikatia kimoja mdomoni nikakitafuna nikivuka barabara. Kilikuwa na ladha ya chokaa. Ya udongo. Nilisimama katikati ya barabara, boda akanipigia honi na kunitukana, nami nikabaki nimesimama.

Ile dawa mpya hushika madini. Hiyo ndiyo namna yake ya kumkaba kirusi: kirusi kina kifaa kinachotumia madini ili kujichomeka kwenye chembe zetu, na dawa huyang'ang'ania madini hayo mpaka kifaa kikwame. Lakini ikiyakuta madini tumboni kabla ya kufika kwenye damu, hung'ang'ania hukohuko, na mwili unaitoa chooni pamoja nayo. Chokaa. Chuma. Aina zote zilizomo kwenye udongo. Jambo hilo nimelifundisha darasani. Nimelichora ubaoni kwa rangi mbili. Mama wa Kanja alikuwa amemeza dawa yake kila siku, na kila siku alikuwa ameizika chini ya mawe, ili asiitapike, ili tusimgombeze. Na vile vidonge vya kuongeza damu ni chuma, navyo sisi wenyewe tulimwagiza avimeze pamoja na dawa, tumbo likiwa tupu.

Nilimpigia muuguzi nikiwa bado kando ya barabara.

"Sista, yule mama wa Kanja. Anakula mawe."

"Najua, daktari. Wengi wanakula, hata wakikatazwa."

"Mwambie aache leo hii. Na vidonge vya damu atenganishe na hii nyingine, ameze jioni, na chakula. Mpigie sasa hivi."



"Daktari, alijifungua jana," alisema. "Uchungu ulikuja mapema. Ni msichana."

Nikamweleza, maneno yananigongana. Alinisikiliza. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu, kama ina maana yule mama alikuwa akisema ukweli. Nikamwambia ndiyo. Akasema ana mgonjwa, akakata.

Mtoto alianzishiwa dawa ya maji ya kumkinga tangu siku ya kuzaliwa, kama wanavyofanyiwa watoto wa mama mwenye virusi vingi. Mama akaacha mawe, akatenganisha vidonge. Ikabaki kungoja wiki sita, ambapo damu ya mtoto hutolewa kisiginoni, ikakaushwa kwenye kadi. Wiki hizo sikuwa mtu wa kuishi naye. Nilimfokea binti yangu kwa sababu ya soksi. Mwenzangu mmoja alisema tukio hili linafaa kuandikwa kwenye jarida, na nikamwambia maneno ambayo ilibidi nimwombe radhi kwayo kesho yake.

Kadi ilikuja maabara kwetu, pamoja na damu ya mama. Ya mama niliiendesha kwenye mashine kwanza. Mashine haikuona virusi. Katika wiki sita, kwa kidonge kilekile, kwa kirusi kilekile, alikuwa amerudi alikokuwa. Hiyo ndiyo hati yake ya ukweli, na nilikuwa nayo mkononi. Kisha nikaendesha ya mtoto. Nikairudia kwa kadi ileile, tone lingine. Zote mbili zilisema kitu kimoja. Mtoto alikuwa ameambukizwa.

Matokeo ya namna hiyo hutumwa kliniki, na muuguzi humwita mama. Nilimwomba muuguzi amuulize kama naweza kuja nyumbani, na akasema nije. Tulikwenda wawili. Mama mkwe alikuwa uani ameketi juu ya gunia, anachambua kahawa, mbivu upande huu na mbichi ule. Mama wa Kanja alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni na mtoto mapajani. Mtoto alikuwa na nywele nyingi, amelala na kinywa wazi.

Muuguzi ndiye aliyesema habari ya mtoto. Aliisema vizuri, polepole, na mkono wake begani kwa mama. Mama hakulia. Aliuliza kama ataanza dawa leo. Muuguzi akasema leo. Akauliza kama ni ya maisha. Muuguzi akasema ndiyo.

Ikawa zamu yangu. Nilimgeukia mama mkwe kwanza, kwa kuwa hilo nilikuwa nimelifanyia mazoezi njiani kutoka Meru.

"Mama, alikuwa anakunywa," nikasema. "Kila siku. Ulichokiona ndicho kilichokuwa."

"Mimi niliambia sista hivyo," alijibu. "Mkasema niangalie chini ya ulimi."

"Ni mimi niliyesema."

Akatazama mikono yake.

"Na mimi nikaangalia," alisema. "Mtoto wa mtu. Kila asubuhi." Akaokota buni moja akaitupa, sikuona upande gani.

Mama wa Kanja hakuwa amegeuza kichwa. Alikuwa akimfuta mtoto shavu kwa ncha ya leso, pahali palipokuwa pakavu tayari.

"Ni mawe?" aliuliza.

"Ni mawe. Na vidonge vya damu. Siwezi kuapa kwamba ni hayo tu, lakini naamini ni hayo."

"Wewe ulikula na mimi."

"Ndiyo."

"Nyuma ya tangi. Nilikuambia nakula juu ya dawa."

"Uliniambia."

Nilisubiri anitukane. Nilitaka anitukane, ingekuwa nafuu. Alizungumza kwa sauti ileile ya chini aliyoniambia nayo kwamba anakunywa, na safari hii nilimsikia kila neno.

"Mimi kila kitu mlisema nilifanya," alisema. "Hata hiyo ungeniambia niache, ningeacha siku hiyo hiyo. Huyu alikuwa bado ndani."